Herufi zilezile, maneno mawili: mtoto asipigiwe kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wa Kiingereza wa shule za msingi, hasa wa huku kwetu Kusini, kuhusu swali moja ambalo halikosekani kwenye mitihani ya mwezi: panga herufi zifuatazo upate neno la Kiingereza. Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya uko kwenye kusahihisha. Mwalimu anakuwa na neno moja kichwani, na mtoto akileta jingine, nalo ni neno halali la Kiingereza lililotumia herufi zilezile, anapigiwa kosa.

Nazungumza kama mtu ambaye mitihani hiyo inapita mikononi mwake kabla haijamfikia mwanafunzi. Nina steshenari Majengo, hapa Mtwara mjini: kopi, kuchapa, kuprinti, laminesheni, na bahasha za khaki kwa wanaopeleka barua za kuomba kazi. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa wa ofisi, enzi za mashine zenye kengele mwisho wa mstari. Wateja wangu wakubwa leo ni walimu. Najua barua hii inaweza kunipunguzia wateja hao, lakini nimeshawaambia mmoja mmoja, uso kwa uso, nikaishia kujibiwa, "Mama, wewe chapa kilichoandikwa." Basi nimeona heri niseme na wote kwa mkupuo mmoja.

Herufi za Kiingereza nimeishi nazo vidoleni. Wakati wa mafunzo tulichapa mpaka vidole vikauma ile sentensi ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, kwa kuwa ina herufi zote 26. Kazi zikipungua ofisini, mimi na wenzangu tulishindana kutafuta maneno yanayochapika kwa safu ya juu ya vitufe peke yake, yaani Q, W, E, R, T, Y, U, I, O na P. Aliyeanza na ROPE alichekwa. PROPERTY ilipewa heshima yake, TERRITORY zaidi, na aliyetaka kumaliza ubishi alitaja TYPEWRITER, jina la mashine yenyewe, ambalo lote limo katika safu hiyo. Kwa mkono wa kushoto tu kulikuwa na STEWARDESSES, neno la herufi 12, na bosi wetu aliposikia vicheko alikuwa akitokea mlangoni kuuliza barua yake imefikia wapi. Kwa hiyo mtu asidhani nimeamka jana na hoja hii.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Ninayo hapa mezani ya darasa la nne, shule sitaitaja. Swali limetoa herufi E, A, T. Mwongozo wa kusahihisha unasema EAT. Mjukuu wangu ameandika TEA, akapigiwa kosa kwa wino mwekundu. Mwenzake wa dawati moja aliandika ATE, naye kosa. Nilimfuata mwalimu kwa heshima zote, baada ya saa za kazi, nikamwonyesha.

"Mama, hilo swali liko kwenye mada ya vitenzi," akaniambia.

"Sawa, Mwalimu. Kwenye karatasi pameandikwa wapi?"

Hapakuandikwa. Juu ya swali paliandikwa tu kwamba herufi zipangwe. Na hata tukikubali kuwa ni mada ya vitenzi, ATE ni kitenzi kilekile cha EAT katika wakati uliopita, kwa hiyo yule mtoto wa pili alikuwa ndani ya mada kama mwongozo wenyewe. Mwalimu alicheka, akasema alama moja haimwangushi mtoto. Alama moja kweli haimwangushi. Lakini mtoto alirudi nyumbani akiamini kwamba TEA siyo neno la Kiingereza, na tangu hapo akipewa herufi anauliza kwanza, "Bibi, mwalimu anataka lipi?" Hilo ndilo lililonikera kuliko alama.

Walimu wengi hudhani ni bahati mbaya ya herufi tatu. Nimejijengea tabia ya kuzijaribu herufi kabla ya kuchapa, na nawaambia ni jambo la kawaida mno. BREAD inatoa BEARD, mkate unageuka ndevu. NIGHT inatoa THING. EARTH inatoa HEART. STUDY inatoa DUSTY, na asiyejua maana ya DUSTY akasimame pembeni mwa barabara ya vumbi mwezi wa tisa. TABLE inatoa BLEAT, ule mlio wa mbuzi. KITCHEN inatoa THICKEN. NOW inatoa OWN na WON. Herufi za NAME zinatoa MEAN, MANE na AMEN. STOP ndiyo balaa: POST, SPOT, POTS, TOPS, OPTS, jumla maneno sita kwa herufi nne. Na walimu wasinichukie, TEACHER inatoa CHEATER. Lakini inatoa na HECTARE, ambayo mkulima yeyote wa korosho wa Tandahimba ataipa tiki bila kuuliza.

Sababu yake iko wazi. Kiingereza kina herufi 26 lakini kinazitumia kwa upendeleo mkubwa. Katika maandishi ya kawaida, herufi 12 au 13 katika kila 100 ni E, kisha zinafuata T na A, halafu O, I, N na S. Wewe Mhariri, kama una wazee kwenye chumba cha uchapaji, watakueleza habari za Linotype, mashine ya Ottmar Mergenthaler iliyoanza kazi kwenye gazeti la New York Tribune mwaka 1886 na kumimina risasi iliyoyeyushwa ikawa mistari ya habari. Vitufe vyake vilipangwa kwa kufuata herufi zinazotumika zaidi: safu ya kwanza ETAOIN, ya pili SHRDLU. Fundi akikosea mstari aliteremsha kidole kwenye safu hizo ili ujae haraka na utupwe. Wakati mwingine walisahau kuutupa, na msomaji akakuta ETAOIN SHRDLU katikati ya habari ya bungeni. Gazeti la New York Times liliachana na mashine hizo mwaka 1978.

Hesabu hiyohiyo aliifanya Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Alikaa na kurasa za magazeti, akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi, ili ajue aweke vibao vingapi vya kila herufi kwenye mchezo aliokuwa akiubuni. Mchezo huo, wa kuunda maneno kwa vibao vyenye herufi, tangu mwaka 1948 unaitwa Scrabble. Una vibao 100: E peke yake 12, A na I tisa tisa, O nane, N, R na T sita sita. Q na Z ni kimoja kimoja, na kila kimoja kina thamani ya pointi 10 kwa sababu ni kazi kukipatia mahali. S aliiweka nne tu, makusudi, maana angeziongeza kila mchezaji angebandika S mwisho wa neno la mwenzake akajipatia wingi na pointi za bure.

Mwalimu anayetunga swali aichukue hesabu hiyo aigeuze upande wake. Akichagua neno lililojaa E, A, R, S na T, ajue amefungua mlango na maneno mengine yataingia. Akitaka jibu moja tu, atafute neno lenye herufi adimu au mpangilio mgumu: QUEEN haina mwenza, wala JUICE, wala WINDOW. Hata hivyo asijiamini kupita kiasi. ZEBRA inaonekana salama, ina Z, mnyama anajulikana, lakini inatoa BRAZE, ambayo ni kazi ya fundi anayeunga vyuma kwa shaba.

Jambo la pili, na hapa ndipo naomba nisikilizwe kwa makini zaidi, ni maelekezo ya swali. Kuna kazi tatu tofauti ambazo kwenye karatasi nyingi huandikwa kwa maneno yaleyale. Chukua herufi A, R, T. Kazi ya kwanza ni kutumia herufi zote, kila moja mara moja, bila kuongeza kitu: unapata ART, RAT na TAR. (TRA, mamlaka yetu ya mapato, haimo, ingawa sisi wafanyabiashara tunaijua vizuri kuliko hayo matatu.) Kazi ya pili ni kutumia zote au baadhi tu, na hapo AT nayo inaingia. Kazi ya tatu ni kutafuta maneno yanayobeba herufi hizo ndani yake pamoja na nyingine zozote: STAR, CART, WATER, TRAIN, MARKET, HEART, na ukiendelea jua litazama.

Nimewahi kuletewa swali linalotaka maneno kumi "kutokana na" A, R, T. Kwa kazi ya kwanza kumi hayafiki. Kwa kazi ya tatu yanamwagika. Mtoto afanye ipi? Wengine waliandika matatu wakaacha nafasi saba wazi, wengine wakaandika MARKET na WATER, na kwa jinsi mwongozo ulivyokuwa, makundi yote mawili yaliumia. Sentensi moja ya ziada ingetosha: tumia herufi hizi tu, au, unaweza kuongeza herufi nyingine.

Hiyo kazi ya tatu, kwa taarifa yenu, ndiyo tamu kuliko zote, na haipewi heshima inayostahili. Watoto wanaotumwa kopi wakikuta foleni nawapa majina ya miji yetu watafute neno la Kiingereza lenye herufi zake zote ndani. KILWA ni rahisi, mmoja aliiona ubaoni kwenye tangazo la matembezi ya hisani: WALKING. Ina K, I, L, W na A, pamoja na N na G za ziada. LINDI ilitusumbua kwa sababu ina I mbili, na maneno mengi yana moja. Mwishowe akatokea mtoto wa fundi mwashi na BUILDING, kisha SLIDING ikafuata. NEWALA ilizua ugomvi. Wote walipiga kelele RENEWAL, na ukiitazama unaona N, E, W, A, L zimepangana vilevile kama kwenye jina la mji, lakini NEWALA ina A mbili na RENEWAL ina moja. Nikakataa. Wakaniona mchoyo. Lakini sheria ya herufi kurudiwa lazima iwekwe mapema, la sivyo swali linabadilika katikati ya safari, na hiyo ni sentensi nyingine ambayo walimu huisahau kwenye maelekezo.

MTWARA yetu ilikaa muda mrefu bila jibu. M, T, W, R, na A mbili. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu, kwenye karatasi za vyeti ninazouza: WATERMARK, ile alama inayoonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga. Zihesabu mwenyewe, zimo zote, na zinabaki E, K na R moja. Mashabiki wa Lindi walilalamika kwamba Mtwara imependelewa.

Narudi kwa walimu. Watasema, "Mama, tuna madarasa ya watoto wengi, tutapata wapi muda wa kutafuta kila neno linalowezekana?" Muda hauhitajiki mwingi, inahitajika mbinu. Ukijaribu kupanga herufi tano tofauti kwa kila namna kuna mipangilio 120. Herufi saba tofauti zina mipangilio 5,040, na hapo hata mvumilivu atachoka. Programu za kwenye kompyuta na simu zinazotafuta maneno hazihitaji kuhangaika hivyo. Njia moja zinayotumia ni kuchukua kila neno la kwenye kamusi na kupanga herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti. BREAD inakuwa ABDER. BEARD inakuwa ABDER. Zimekutana. Ukileta herufi zozote, programu inazipanga kialfabeti, inatazama chini ya mpangilio huo, na inakutolea kila neno lililowekwa hapo.

Hili linawezekana kwa kaunta buku na kalamu. Mwalimu achukue orodha ya msamiati wa darasa lake, ambayo ni maneno ya kwenye kitabu cha kiada, siyo kamusi nzima, na kila neno aliandike chini ya mpangilio wake wa kialfabeti. AET: EAT, TEA, ATE. GHINT: NIGHT, THING. DSTUY: STUDY, DUSTY. OPST: lile kundi la STOP. Kazi ya jioni chache, tena ikigawanywa kwa walimu wawili watatu wa somo, basi shule ina daftari la kutumia miaka na miaka. Anayehama kituo analiacha ofisini.

Simu zipo pia, sikatai. Walimu wengi wa rika la wanangu wanaandika herufi kwenye programu na orodha inakuja papo hapo. Ila wajue orodha hizo nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa Scrabble, kwa hiyo ndani yake kuna maneno ya ajabu: QI na ZA, ambayo wachezaji wanayapenda kwa sababu yanaiondoa Q au Z mkononi, na CWM, neno lenye asili ya Kiwelisi lisilo na A, E, I, O wala U. Kwa E, A, T itakuletea na ETA na TAE. Hakuna anayedai mtoto wa darasa la nne ayajue hayo. Mwalimu ayapitie kwa jicho lake, ayafute asiyoyataka kwenye mwongozo, abaki na yale ambayo mtoto anaweza kuyafikia. Programu imtumikie mtunga swali. Kuhusu wanafunzi kuitumia kupata majibu ya kazi za nyumbani, hapo nakubaliana na walimu moja kwa moja: hiyo ni kunakili, na mtoto hapati chochote.

Kuna hoja moja ya walimu ninayoiheshimu. Wanasema mtoto anaweza kubahatisha, akapanga herufi zikawa neno bila kujua maana yake, kwa nini apewe alama? Ni kweli, na ushahidi upo wa kimataifa. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno ya kwenye kamusi kama mpangilio wa herufi tu. Mwaka 2024 akaenda Hispania akatwaa na wa Kihispania, ambacho nacho hakizungumzi. Kwa hiyo kupanga herufi ni jambo moja na kujua lugha ni jambo jingine. Lakini angalieni: hoja hiyo inamhusu hata aliyeandika EAT. Naye anaweza kuwa amebahatisha. Dawa yake ni kuongeza mstari mmoja chini ya swali, mtoto alitumie neno lake kwenye sentensi fupi. Aliyeandika THING badala ya NIGHT, akatunga sentensi inayosimama, ana kosa gani?

Na kama kuna mwalimu anayewaambia watoto kwamba mambo haya ya maneno ya Kiingereza ni ya wenyewe huko Ulaya, awaambie vilevile kwamba mwaka huohuo wa 2015, mjini Perth, Australia, bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza alikuwa Mnigeria, Wellington Jighere, Mwafrika wa kwanza kulibeba taji hilo.

Nimalizie hili la kwa nini mjukuu wangu alianza na TEA. Nimewatazama watoto wa mtaani kwetu wakipewa herufi. Mkono wao unatafuta konsonanti, halafu irabu, kwa sababu ndivyo silabi za Kiswahili zilivyo. Te, a, kama mwisho wa potea na tetea. EAT inafungwa na konsonanti, kwa hiyo inakuja baadaye. Mtoto hakuwa mzembe, alipita njia aliyofundishwa darasa la kwanza na njia hiyo ikamfikisha kwenye neno sahihi la Kiingereza. Akipewa S, T, O, P atahangaika zaidi, maana anatakiwa abandike S na T pamoja na aishie na P. Kiingereza hakioni haya kurundika konsonanti: STRENGTHS ina herufi tisa na irabu moja tu katikati. RHYTHM haina hata moja kati ya irabu zetu tano. Tusiogope sana lakini, mji wetu wenyewe unaanza na konsonanti tatu.

Wafundisheni watoto vipande vinavyopenda kukaa pamoja. Mtoto akiona T na H azisogeze pamoja kwanza. Vivyo hivyo S na H, C na H, C na K. Akiona I, N, G aziweke pembeni mwisho wa neno ajaribu zilizobaki. Akiona G, H, T pamoja na I, nusu ya kazi imekwisha. Wachezaji wazoefu wanafanya hivyohivyo kwenye vibao vyao. Mimi nimekata mabaki ya karatasi za manila, nikatengeneza vibao 100 kwa kufuata hesabu ya Butts, na watoto wanazipangua kwenye benchi la nje. Walipotaka kucheza Kiswahili A tisa ziliisha kabla hatujafika popote, nikakata nyingine. Q na X tukazirudisha kwenye bahasha.

Mwalimu mmoja kijana alinielewa. Aliniletea karatasi yake yenye herufi zilezile, E, A, T, nikamwonyesha majibu matatu. Hakubishana. Akaniuliza, "Shikamoo zangu zote, Mama, naomba unitafutie picha ya kikombe." Nikaiweka pembeni ya herufi, na swali likawa na jibu moja bila kumwonea mtu. Picha moja, au herufi ya kwanza imewekwa tayari, au neno "kitenzi" limeandikwa mbele. Hata yale maswali ya kujaza nafasi yanataka msaada huohuo. C, nafasi, T, ni CAT, ni COT, ni CUT. B, nafasi mbili, K, ni BOOK, BACK, BANK, BARK, BEAK, chagua unayotaka.

Nawe Mhariri, gazeti lako likiweka chemsha bongo ya herufi kwa watoto, tafadhali mseme ni kazi ipi kati ya zile tatu, na mkitoa majibu muyatoe yote.

Mitihani ya mwisho wa muhula bado haijaanza kuletwa kwangu. Itakapoletwa, kila karatasi yenye swali la namna hii nitaibania kikaratasi chenye majibu mengine niliyoyaona, na mwalimu ataamua mwenyewe aongeze picha, abadilishe neno au arekebishe mwongozo. Bei ya kuchapa inabaki 1,000 kwa ukurasa. Kikaratasi sitakitoza.

Mpiga chapa mstaafu,
Majengo, Mtwara.